Hita ya chumba kwa walio sehemu za baridi Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, usiku ukiwa hauna mawingu, kabla ya alfajiri baridi hushuka hadi nyuzi 10 au hata chini yake. Kisoro na Kapchorwa wanaijua baridi hiyo, na Fort Portal nayo huonja kidogo. Lakini nyumba zetu nyingi zimejengwa kana kwamba ziko Kampala: tofali, mabati, na matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Mimi ni fundi wa umeme, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa na wapangaji, wenye gesti, na wanafunzi waliotoka Juba au Mombasa wakakuta hapa blanketi moja halitoshi.

Hita ipi inakula umeme kidogo?

Hakuna. Naanza na jibu hili kwa sababu ndipo pesa nyingi za watu zinapopotelea. Hita zote za umeme zenye waya au kipande cha kupasha moto hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Hita ya wati 1,000 ya bei ndogo na ya wati 1,000 ya bei kubwa zikiwaka saa moja, kila moja imekula yuniti moja na imetoa joto lilelile. Muuzaji akikwambia "hii ni ya kisasa, inapasha joto mara mbili kwa umeme uleule", usimwamini.

Tofauti iko kwingine: joto linafikaje kwako, hita inajizima yenyewe chumba kikishapata joto au haijizimi, na chumba chako kinalitunza hilo joto au kinalimwaga nje. Hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Kwa hiyo mtu akiniita kumshauri hita ya kununua, kwanza naangalia dari, halafu mlango, halafu soketi. Hita yenyewe inakuja mwisho.

Kwa hiyo nianze na nini kabla ya kununua?

Anza na dari. Hewa ya moto hupanda juu. Chumba kisicho na dari, joto lako lote linakwenda kugusa mabati, na mabati usiku yana baridi kama nje. Unaweza kuwasha hita kwa muda wa saa tatu na miguu bado ikawa baridi. Kama huwezi kuweka dari ya mbao au jipsamu sasa hivi, weka hata mikeka ya mafunjo iliyoshonwa vizuri, ila iwe mbali na taa na nyaya zilizo wazi. Utaona tofauti usiku uleule.

Halafu zima taa ya chumba usiku, mtu asimame nje na tochi amulike mlango. Pale mwanga unapopita ndipo baridi inapoingia. Chini ya mlango weka kitambaa kilichoviringishwa au kipande cha mpira. Pazia liwe zito na lifike chini ya kizingiti cha dirisha. Sakafu ya saruji tandika zulia au mkeka, maana saruji hunyonya joto la miguu usiku kucha.

Matundu ya hewa juu ya dirisha ni suala la kupima. Kama ndani ya nyumba hakuna moto wa aina yoyote, wala mkaa, wala gesi, wala parafini, unaweza kuziba sehemu yake wakati wa usiku wa baridi na kuacha nyingine wazi. Kama kuna moto wowote ndani, usiguse hata tundu moja.

Chumba changu kinahitaji wati ngapi?

Kipimo wanachotumia mafundi wengi ni wati 100 kwa kila mita moja ya mraba, kwa chumba chenye dari ya urefu wa kawaida. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12, yaani wati 1,200. Kwa baridi ya kwetu, isiyo ya theluji, kipimo hicho kinatosha na kubaki. Hita ya wati 1,500 yenye vipimo viwili au vitatu vya joto itakufaa kwa chumba cha kulala cha kawaida.

Kama chumba hakina dari, usiongeze wati tu. Hapo kupasha hewa ni kazi bure. Chukua hita inayopiga joto moja kwa moja mwilini, nayo naieleza hapa chini.

Aina ziko ngapi, na ipi inafaa wapi?

Zinazopatikana madukani kwetu ni nne hivi.

Ya feni ni ndogo, ya bei ya chini, na hupasha haraka. Ina waya au kipande cha kauri ndani, na feni inasukuma hewa. Inafaa kwa mtu anayetaka kuvaa nguo asubuhi bila kutetemeka, au kusoma saa moja kabla ya kulala. Ubaya wake ni kelele, na ukiizima tu, joto limeisha. Pia hunyonya vumbi, na huku kwetu kiangazi vumbi ni jingi.

Ya mwanga ni ile yenye vijiti vinavyogeuka vyekundu au rangi ya chungwa. Hii haipashi hewa sana. Inapasha kitu kilicho mbele yake, jinsi jua linavyokupasha ukiwa umekaa nje asubuhi. Kwa sebule kubwa isiyo na dari, kwa duka lililo wazi mbele, au kwa askari wa zamu kwenye kibanda, hii ndiyo ninayoishauri. Lakini ndiyo ninayoiogopa zaidi chumbani pa kulala. Vijiti vyake vina moto mkali kabisa, na nguo ikiangukia pale haichukui muda kushika.

Ya mafuta ni ile nzito yenye mapezi kama ya redieta ya gari. Inachelewa kupata moto, dakika 20 au zaidi, lakini haina kelele wala mwanga, na umeme ukikatika inaendelea kutoa joto kwa muda. Chumba cha kulala chenye dari, cha mtu anayetaka joto la pole kwa saa kadhaa, ningemnunulia hii bila kusita. Tafuta yenye themostati (kidhibiti kinachoizima na kuiwasha hita chenyewe kufuata joto la chumba) inayofanya kazi: ukiwa umesimama dukani iombe iwashwe, zungusha kitufe taratibu, na utasikia "tik" inapowaka na "tik" inapozima.

Ya nne ni ya bapa, inayosimama au kufungwa ukutani, isiyo na feni. Ni nyepesi kuliko ya mafuta na hupasha hewa haraka kidogo, lakini haitunzi joto. Kama ukuta wako ni wa tofali imara na unataka nafasi sakafuni, ni nzuri.

Kiyoyozi chenye uwezo wa kupasha joto ni jambo tofauti. Chenyewe hakitengenezi joto, kinalivuta kutoka nje, kwa hiyo hutoa joto la yuniti mbili au tatu kwa kula yuniti moja. Lakini bei ya kukinunua na kukifunga ni ya hoteli. Kwa nyumba ya kawaida bado sijaona sababu yake.

Hita ya mafuta naiongeza mafuta gani, na baada ya muda gani?

Huongezi kamwe. Mafuta yamefungiwa ndani na hayaungui. Kazi yake ni kubeba joto tu. Ukiona mafuta yanavuja chini, chomoa, iache ipoe, na usiitumie tena. Usikubali mtu aitoboe na kuichomelea.

Kwa mwezi itanigharimu kiasi gani?

Chukua wati, zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000. Hizo ndizo yuniti. Kisha zidisha kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Bei hupangwa na ERA, mamlaka inayodhibiti umeme Uganda, na hupitiwa kila robo mwaka, kwa hiyo tumia risiti ya karibuni. Hapa nafanya hesabu kwa shilingi 900 kwa yuniti pamoja na VAT, ili iwe rahisi kufuata.

Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa 3 kila jioni ni yuniti 4.5, yaani shilingi 4,050 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 121,500. Chumba kikiwa kimezibwa vizuri na themostati ikazima na kuwasha, inaweza kushuka hadi nusu yake.

Sasa mwenye kuiacha ya wati 2,000 iwake saa 8 za usiku bila kuzima: yuniti 16, shilingi 14,400, usiku mmoja. Zile yuniti 15 za kwanza za mwezi zenye bei nafuu kwa watumiaji wa nyumbani zimeisha kabla hujaamka. Ndiyo maana nawaambia watu wapashe chumba saa moja au mbili kabla ya kulala, wazime, waingie kwenye blanketi.

Kwa nini nisitumie sigiri (jiko la mkaa) tu? Mkaa ni rahisi na wazee wetu waliutumia.

Tafadhali soma hili mpaka mwisho, hata kama mengine utayaruka.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Watu wengi hufikiri hatari ni moshi, kwa hiyo huwasha sigiri nje, husubiri mpaka makaa yawe mekundu na moshi uishe, ndipo huiingiza chumbani na kufunga mlango. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa sumu hiyo, na chumba kilichofungwa kinaikusanya. Ikiingia kwenye damu hushika mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu mara 200 na zaidi. Mtu aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kuishiwa nguvu. Mtu aliyelala hasikii chochote. Familia nzima hukutwa asubuhi, mlango umefungwa kwa ndani.

Wazee wetu walikaa kwenye nyumba za nyasi. Paa lile lilipitisha hewa kila upande. Chumba chako cha tofali na saruji, chenye dirisha la kioo na kitambaa chini ya mlango, hakipitishi. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kukuhakikishia usalama. Sigiri isilale ndani na watu, hata iliyofunikwa na jivu, hata ile uliyodhani imezimika.

Ukimkuta mtu kwenye chumba chenye sigiri analalamika kichwa au hajibu, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi, na mkimbize hospitali mara moja hata kama ameanza kuzinduka. Waambie wahudumu kulikuwa na mkaa chumbani, kwa sababu anahitaji oksijeni na wao wasipojua wanaweza kudhani ni malaria.

Na hita ya gesi au ya parafini?

Nazo zinachoma moto, kwa hiyo nazo zinakula oksijeni, na zikiwaka vibaya zinatoa sumu ileile. Juu ya hayo humwaga unyevu mwingi chumbani. Kwenye baraza au ukumbi ulio wazi, sawa. Chumba cha kulala, hapana.

Naweza kuichomeka kwenye ekstensheni?

Hapana. Chomeka ukutani, soketi yake peke yake.

Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 240 inavuta zaidi ya ampea 8, mfululizo, kwa saa nzima. Birika la umeme nalo linavuta kiasi hicho, lakini kwa dakika chache tu. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba ndani ya ganda nene, na ukilichana unakuta nyuzi chache za shaba. Waya huo ukiwa umekunjwa nyuma ya kitanda, joto halina pa kutokea.

Plagi ndiyo itakayokuonya kwanza. Hita ikishawaka nusu saa, izime, chomoa, shika plagi. Vuguvugu si tatizo. Ikikuunguza, au ukaona mguu mmoja umegeuka kahawia na plastiki iliyouzunguka imevimba, soketi hiyo imelegea ndani. Kuna na harufu yake, kama samaki aliyeoza, inayotoka kwenye plastiki ya umeme inayoanza kuungua. Watu hutafuta panya aliyekufa siku nzima kumbe ni soketi. Ukiisikia zima swichi kuu na uite fundi.

Pia muulize fundi wako kama soketi zako zimevutiwa waya wa milimita za mraba 2.5. Nyumba nyingi za kupangisha zimevutiwa 1.5, ambao ni wa taa.

Jioni hita yangu haipashi kama mchana. Imeharibika?

Huenda ni nzima. Jioni kila mtu anapowasha vitu, volti kwenye laini ndefu hushuka, na joto la hita hushuka kwa kasi kuliko volti. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, hita ya wati 2,000 inabaki na takriban 1,400. Haidhuriki, na haikuibii pia, kwa sababu yuniti inazokula zimepungua vilevile. Iwashe mapema kabla ya saa moja jioni, chumba kipate joto kabla laini haijalemewa.

Naweza kuiwasha kwa sola?

Kwa mfumo wa kawaida wa nyumbani, hapana. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kwa afya ya betri unatumia nusu tu. Hita ya wati 1,000 itaimaliza kwa nusu saa. Sola iachie taa, simu na redio. Jenereta ndogo nayo itakoroma bila kuivuta, na moshi wake una sumu ileile ya mkaa, kwa hiyo isikae karibu na dirisha.

Napanga kwenye mizigo (vyumba vya kupangisha vilivyoungana), mita ni moja kwa wapangaji wote. Nifanyeje?

Zungumza na mwenye nyumba na majirani kabla ya kununua. Mnapochanga sawa kulipa Yaka, hita yako itawalipisha wenzako wasioitumia, na ugomvi wake huwa mkubwa kuliko baridi yenyewe. Njia ya haki ni kufunga mita ndogo ya chumba chako, au kukubaliana mapema utaongeza kiasi gani kwa hesabu niliyoonyesha juu. Na kama nyumba nzima ina waya mmoja mwembamba kutoka kwenye mita, achana na hita.

Basi mimi nisiyeweza hita nifanye nini?

Mpira wa maji moto. Lita 2 za maji kuchemshwa kwenye birika ni kama yuniti 0.2, yaani shilingi 180, na kitanda kinabaki na joto kwa saa kadhaa. Huku Kabale maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini hata hayo yanaunguza: yaache yapoe kidogo, toa hewa kabla ya kufunga kifuniko, uviringishe kwenye taulo. Mpira wenye nyufa tupa. Blanketi la umeme nalo hula wati 100 hivi tu, ila lisikunjwe likiwa limewashwa, na asilalie mtoto mchanga wala mgonjwa asiyeweza kujigeuza.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi mwenye mpira wa maji moto, soksi na mlango uliozibwa analala vizuri kuliko mwenye hita kwenye chumba kisicho na dari.

Kuna mtoto mchanga nyumbani. Joto liwe kiasi gani, na hita niiweke wapi?

Shirika la Afya Duniani hutaja nyuzi 18 kama kiwango cha chini kinachofaa ndani ya nyumba wakati wa baridi, na kwa watoto wadogo na wazee linasema huenda likahitajika zaidi. Nunua kipimajoto kidogo cha ukutani, usikisie. Lakini usimpashe mtoto kupita kiasi pia: mguse kifua au shingo kwa nyuma, akiwa na jasho, punguza.

Chagua ya mafuta au ya bapa, yenye swichi inayozima hita ikianguka. Iwe mita moja kutoka kwenye kitu chochote kinachoshika moto, na hapa nasisitiza chandarua. Maelekezo yaliyo kwenye boksi yanataja pazia na sofa, mara nyingi hayataji chandarua. Chandarua hupepea hita ya feni inapowaka, huyeyuka na kudondoka ikiwa moto juu ya kitanda. Kichomeke chini ya godoro kabla ya kuwasha. Na usianike nepi juu ya hita, hata kwa dakika tano. Mtoto anayetambaa wekea uzio, kwa sababu mapezi ya hita ya mafuta huunguza.

Bafuni je?

Hapana. Maji na hita ya kubebeka havikai pamoja. Pasha chumba cha kuvalia.

Nimepata ya mtumba kwa bei nzuri. Niichukue?

Soma kwanza kibandiko cha nyuma. Kikisema 220–240V, endelea. Kikisema 110 au 120V imetoka Marekani, na 100V imetoka Japani. Ya volti 120 ukiichomeka kwetu inavuta nguvu mara nne ya iliyokusudiwa na kuungua pale pale. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti, ingawa wapo wanaouza hivyo.

Kisha angalia waya ulivyoingia kwenye hita kama haujakatika au kufungwa tepu, iwashe robo saa palepale, iinamishe uone kama inajizima. Kwa mpya, tazama kama ina alama ya ubora ya UNBS (shirika la viwango la Uganda) na plagi ya miguu mitatu ya mraba yenye fyuzi ndani. Hita yenye plagi ya miguu miwili ya mviringo inakulazimisha utumie adapta, na adapta ndiyo inayoungua kwanza.

Kuta zangu zina ukungu mweusi. Hita itauondoa?

Itakausha hewa kidogo, lakini ukungu utarudi kama maji bado yanaingia. Tafuta bomba linalovuja, paa linalodondosha, au udongo uliorundikana ukutani kwa nje. Nguo zianikwe nje, na mchana fungua madirisha.

Nimeitoa kabatini baada ya miezi, nikiwasha inanuka. Ni hatari?

Harufu ya vumbi linaloungua ni ya kawaida na huisha baada ya dakika kumi hivi. Kabla ya kuwasha, ikiwa haijachomekwa, pangusa kwa kitambaa kikavu na usafishe mapezi au wavu kwa brashi laini. Ya mafuta ihifadhi ikiwa imesimama; kama ilisafirishwa ikiwa imelala, isimamishe saa moja au zaidi kabla ya kuichomeka ili mafuta yarudi chini. Harufu ikiwa ya plastiki, au ikaendelea baada ya nusu saa, chomoa na uilete kwa fundi.